Baridi ya Kilwa

Ukitaka kuchekwa Kilwa Kivinje, waambie watu kwamba unaumwa na baridi. Malaria wataielewa. Presha wataielewa, sukari wataielewa, hata ukisema una jini hutakosa mtu wa kukuelekeza pa kulitoa. Lakini baridi? Baridi ya wapi, katika mji ambao mbuzi wanagombea kivuli cha kuta za boma la Mjerumani? Mume wangu Yahya alichekwa mpaka akaacha kusema, na mwanamume akiacha kusema maumivu yake, anayebaki kuyasema ni mkewe. Kwa hiyo nasema mimi, Mastura, na anayetaka kucheka acheke sasa, kabla sijafika mbali.

Yahya alikuwa akitoboa mawe kwenye machimbo ya kokoto, huko upande wa barabara kuu. Wao wanaiita drili. Ni mashine ya kushikwa kwa mikono miwili na kuelekezwa kwenye mwamba, nayo inatetema kutwa nzima. Aliishika kwa miaka mingi. Akirudi nyumbani jioni, mikono inaendelea kutetema yenyewe, kikombe cha chai kinagonga kisahani. Namwambia, "Baba Hasani, zima mashine, umeshafika nyumbani." Anacheka, mtoto anacheka, na mimi nacheka.

Ilianza wakati wa kipupwe. Aliamka alfajiri kwenda kutawadha, na ndoo ya maji ya kisima ilikuwa imelala nje kwenye upepo. Akarudi chumbani, akaninyooshea mkono wa kulia. Kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vimekimbiwa na damu. Juu vimekuwa rangi ya jivu, na upande wa kiganja vyeupe kama mshumaa, mpaka kwenye kiungo cha pili, halafu unaanza mkono wa Yahya ninaoujua. Nikaviminya. Akasema hasikii kitu. Baadaye damu ilirudi, na iliporudi ndipo alipoumia, akauma shuka asimwamshe mtoto.

Nikamwita mama yake. Bi Saida anaishi nasi, na kwa wasiomjua, yeye ndiye anayeosha maiti za wanawake mtaani kwetu. Ameosha mabibi, ameosha wazazi waliofia uzazini, amewaosha wanawe wawili wa kike. Alikishika kidole cha Yahya, akakiachia haraka.

"Vidole hivi mimi navijua," alisema. "Hivi si vya mtu aliye hai."

Tangu siku hiyo akaanza kumkanda. Kila jioni anawasha jiko la mkaa, anatia chumvi ya mawe kwenye kikaango, ikipata moto anaifunga kwenye kitambaa na kumkanda mwanawe kidole kwa kidole, kisha anampaka mafuta ya karafuu. Mimi nilimtania. Nilimwambia, "Mama, chumvi umeshatia, bado nazi tu tumle." Lakini moyoni nilishukuru, kwa sababu Yahya alilala usingizi akishakandwa. Mama hakucheka. Alikuwa anaogopa, na mtu anayeogopa kwa sababu ya mwanawe humwambii kitu.

Shida ni kwamba vidole vile vilikuwa na unafiki. Alfajiri vinakufa. Yahya akienda zahanati ya machimbo kuvionyesha, jua limeshapanda, vimejaa damu, vizuri kabisa. Mganga anavigeuza huku na huku, anauliza, "Viko wapi vyeupe?" Mara ya kwanza alimpa dawa ya maumivu. Mara ya pili alimuuliza kama ana matatizo na msimamizi wake. Mara ya tatu Yahya hakwenda.

Msimamizi mwenyewe alikuwa Erasmo, mtu wa Mtama, Mmakonde. Mimi ni wa Pande, Mmachinga wa kabila, si wa kutembeza bidhaa, na kwetu Wamakonde ni watani. Hilo nalieleza kwa sababu mtani ana ruhusa yake. Mtani anaweza kukuambia neno ambalo akilisema mwingine mnapelekana barazani, nawe huna la kufanya ila kucheka na kutafuta la kumrudishia. Erasmo aliitumia ruhusa hiyo vizuri. Mimi nina kibanda cha mama ntilie nje ya geti la machimbo, kwa hiyo niliyasikia yote. Yahya akipita asubuhi ameficha mikono kwapani, Erasmo anamwita, "Bwana Ulaya, theluji imedondoka leo huko kwenu?" Vijana wanacheka. Nami nilimrudishia, nikamwambia nyie wa Mtama baridi mtaijulia wapi, mnakula panya wa moto. Alicheka sana, akaongeza wali. Ndivyo utani ulivyo, haukasirikiwi. Lakini kuna matusi mengi duniani yamevaa kanzu ya utani.

Kisha kidole cha kati kikatoka kidonda kwenye ncha. Kidonda kidogo tu, kama mtu aliyechomwa mwiba, ila kilikataa kupona. Na siku moja asubuhi, kabla jua halijashika, drili ikamponyoka Yahya mikononi, ikaanguka jirani kabisa na mguu wa mwenzake. Siku hiyo Erasmo hakutania. Alikuja kibandani, akavua kofia, akakaa.

"Shemeji," aliniambia, "mimi simchukii mumeo. Lakini siwezi kumweka mtu kwenye drili ambaye haijulikani anaumwa au anategea. Kuna wapimaji wanakuja kutoka Dar, na mashine ya kupima vidole vya watu wa drili. Mashine ikisema anaumwa, namhamishia getini mimi mwenyewe, na matibabu atapewa. Ikisema mzima, ashike drili, au aende zake."

"Na akiishika, vidole vikikatika?"

"Mimi si daktari, shemeji."

Basi jambo letu lote likawa limening'inia hapo. Yahya hana ujuzi mwingine. Shamba la kwetu Pande limeliwa na maji ya chumvi. Akiondoka kwenye machimbo, tunakula nini, na akibaki kwenye drili, mikono inakufa. Mashine ilikuwa ndiyo mlango pekee, na sisi tulikuwa tumesimama mbele yake na mtoto mgongoni.

Mpimaji aliyekuja alikuwa mwanamke, Rosemary, msichana mtulivu mwenye sauti ya chini. Alikula kwangu siku aliyofika, samaki wa nazi, na nikamng'ang'ania mpaka akanieleza. Alisema kuna mkanda mdogo wa kuvaa kidoleni kama pete. Unabana na kuachia, sawasawa na ule wa kupimia presha mkononi. Ndani yake yanapita maji ya baridi yanayotoka kwenye mashine. Wanapima presha ya kidole kikiwa na joto lake, wanakipoza, wanapima tena, na pembeni wanakiangalia kidole kingine ambacho hakikupozwa, ili walinganishe.

"Kidole kizima kikipata baridi, presha inashuka kidogo," alisema. "Kidole kigonjwa kinafunga kabisa. Damu haipiti. Presha inafika sifuri."

"Kwa hiyo baridi mnakuja nayo wenyewe?"

"Tunakuja nayo wenyewe, dada."

Machozi yalinitoka hapohapo mbele ya sufuria. Watu wote wale waliouliza baridi ya wapi, na sasa kuna mtu ameipakia kwenye gari kuileta Kilwa. Nikamuuliza masharti. Asivute sigara, akasema, asinuse ugoro, asinywe kahawa, asimeze dawa yoyote bila kumwambia. Niliyabeba maneno hayo mpaka nyumbani kama amana, nikamwambia Yahya, nikamwambia na mama. Mama aliitikia kila sharti kwa kichwa.

Siku ya kipimo mimi niliondoka mapema kwenda kuwasha moto kibandani. Nyuma yangu, Bi Saida aliamka na kazi. Alitoa chungu, akachemsha nyungu ya mwarobaini na mchaichai na majani ya mlimau, akamketisha mwanawe chini ya blanketi mpaka jasho likamtiririka. Alipotoka humo akamkanda kwa chumvi, mikono yote miwili, kwa muda mrefu kuliko siku zote. Akamsugua mafuta ya karafuu yaliyotiwa tangawizi na pilipili. Akamvalisha soksi mikononi ili joto lisipotee njiani. Alifanya hayo kwa moyo mweupe. Alitaka mwanawe aende mbele ya wageni na mikono ya mtu, asiende na mikono ya maiti. Na Yahya, mtu mzima mwenye ndevu, alikaa kimya akafanyiwa, kwa sababu mama yake akishasema kaa, anakaa. Radhi ya mama haibishaniwi.

Nilimwona anafika uso unang'aa kwa jasho, nikadhani ni mwendo. Waliniruhusu kusimama mlangoni mwa zahanati. Rosemary alimvisha mikanda, akamwambia atulie. Mashine ikanguruma, maji yakapita, mkanda ukabana, ukaachia. Nilikuwa naangalia uso wa Rosemary tu. Akatazama namba, akarudia. Akapoza zaidi, akarudia tena. Akaandika.

"Imeshuka kidogo," alisema. "Kama ya mtu yeyote."

Erasmo alikuwa nyuma yangu. Akapumua kwa nguvu, sijui kwa raha au kwa huzuni, akasema, "Haya, bwana Ulaya. Keshokutwa kwenye drili." Yahya aliviinua vidole vyake akavitazama kama mtu anayemtazama ndugu aliyemtolea ushahidi wa uongo. Vilikuwa na joto, vimenawiri. Hata kidonda kilionekana kidogo.

Alipopita mlangoni nikasikia harufu ya karafuu.

Sijui miguu ilinirudishaje ndani. Nilimwambia Rosemary kwamba kahawa hakunywa, sigara hakuvuta, lakini kuna jambo. Nikamhadithia chumvi, nikamshika Yahya nikamvuta arudi, nikamwambia aseme alichofanyiwa asubuhi. Akasema, pole pole, macho chini. Alipofika kwenye nyungu, Rosemary aliweka kalamu chini.

"Nyungu?" alisema. "Mwili mzima?"

"Mama alinifukiza."

"Mishipa yote imefunguka. Ningeweza kukipoza kidole chako mpaka jioni kisifunge." Alijishika paji la uso. "Bibi yangu mwenyewe alikuwa akinifukiza. Na sikufikiria kusema."

Nilimwomba. Sitaficha, nilipiga magoti kwenye sakafu ya zahanati, na Erasmo anaona. Rosemary aliniinua, akasema kesho asubuhi kuna wachache waliobaki, wakimaliza wanaondoka. Aje wa kwanza. Aje alivyo, asikandwe, asifukizwe, asipakwe kitu.

"Usifanye chochote," alimwambia Yahya. "Umenielewa, kaka? Uje tu."

"Nimeelewa," alisema Yahya.

Nilipofika nyumbani nilifanya jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu niolewe. Nilimpandishia mama mkwe sauti. Nilimwambia amemponza mwanawe, nikamwambia mapenzi yake yamemwonyesha mwanawe mwongo mbele ya watu, nikamwambia hiyo chumvi yake akawakande maiti zake. Majirani walisikia. Bi Saida alisimama na kitambaa chake mkononi. Alitoa mfuko wa chumvi ya mawe nje, akauweka kwenye ukuta wa ua, akarudi ndani na kukaa kitandani kwake.

"Mwache mama," alisema Yahya. Kisha akaniuliza, "Dada yule amesema joto ndilo lililoharibu?"

"Ndilo."

"Kwa hiyo ningekuwa na baridi, mashine ingesema kweli."

"Kesho itasema. Usiwe na wasiwasi."

"Basi," alisema.

Nikadhani ile basi ilikuwa ya kukubali.

Yaliyofuata niliyapata kwa Idd, muuza samaki, na alinieleza huku analia, sina sababu ya kumshuku. Asubuhi ile Yahya alimwomba lifti. Idd ana pikapu ya kupeleka samaki Nangurukuru, njia ileile ya machimbo, nyuma kuna makasha ya barafu. Akamwambia apande mbele. Yahya akasema atakaa nyuma na makasha, apate hewa. Mkononi alikuwa na mfuko. Idd hakuuliza ni wa nini. Ulikuwa mfuko wa chumvi wa mama yake, ameuchukua pale ukutani.

Kila mtu wa pwani anayeshughulika na samaki anajua kwamba barafu ikitiwa chumvi inakuwa kali zaidi. Yahya alifungua kasha, akaimwaga chumvi juu ya barafu, akaichanganya, akazamisha mkono wa kulia mpaka kwenye kifundo. Idd alisimama njiani kupakia pweza wa mteja, wakabishana bei, wakachelewa. Alimwona Yahya amekaa kimya, mkono umo ndani ya kasha, akadhani ameshikilia mfuniko usiruke. Mtu mwenye vidole vizima angeutoa mkono ule mara moja kwa maumivu. Maumivu ni mlinzi, na vidole vya Yahya vilikuwa vimeshampoteza mlinzi wao zamani. Baridi ilivila, naye hakusikia kitu. Au pengine alisikia, akavumilia. Sijamuuliza, na sitamuuliza.

Alipita kibandani kwangu ametabasamu. Nilikuwa sijamwona akitabasamu muda mrefu. Mkono alikuwa ameuingiza chini ya shati.

"Leo itasema, mama Hasani," aliniambia.

Nikaacha maandazi kwenye mafuta, nikamfuata. Erasmo naye akaja. Rosemary alimkalisha, akavuta mkono ili amvishe mikanda, na hapo hapo akasita. Aliugusa kwa kidole kimoja. Akauvisha mikanda hata hivyo, haraka, akabonyeza mashine. Mkanda ukabana, ukaachia. Akatazama. Akarudia kwenye kidole cha pembeni, kile cha kulinganishia. Akarudia.

"Sijapoza bado," alisema, lakini si kwetu. "Sijapoza hata kidogo."

"Inasema ngapi?" aliuliza Yahya.

Rosemary alikaza mkanda, akabonyeza tena.

"Inasema ngapi, dada?"

"Sifuri."

Nilimwona Yahya akifumba macho, na midomo yake ikasema alhamdulillahi. Mungu anisamehe, na mimi niliisema. Kwa pumzi moja nilifurahi. Nilifurahi kwamba damu haipiti kwenye vidole vya mume wangu.

"Andika," alisema Yahya. "Erasmo, umeona? Sifuri. Mwambie aandike."

"Umefanya nini mkono huu?" aliuliza Rosemary. Sauti yake ya chini ilikuwa imepanda.

"Jana ulisema joto liliharibu."

"Umeufanya nini?"

"Nimeutia kwenye barafu. Si nimekuletea baridi? Andika, dada. Tafadhali."

"Siwezi kuandika." Alikuwa anamvua mikanda. "Kinachopimwa ni tofauti, kaka yangu. Ni kidole kikiwa na joto, na kidole kikiwa na baridi. Wewe umeniletea baridi tupu. Sina cha kulinganisha nacho. Hata mkono wangu mimi ukiutia kwenye barafu na chumvi utaonyesha sifuri."

Yahya alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha ngeni. Halafu akamgeukia Erasmo, akamwinulia mkono ule, vidole vimekakamaa, rangi ya nta. "Lakini umeona," alimwambia. "Wewe si umeona?"

Erasmo alikuwa na mdomo, na utani wote wa Mtama ulikuwa mdomoni humo. Alitoka nje akaita gari.

Rosemary alitaka maji. Yangu ya chai yalikuwa yanachemka, nikayakimbilia, akanizuia. "Si ya moto, yatamuunguza na hatajua," alisema. "Vuguvugu. Ya kuogesha mtoto mchanga." Tukayachanganya kwenye beseni la kuoshea vyombo vyangu, akauingiza mkono wa mume wangu taratibu. Tukasubiri. Kidole gumba kikarudi. Cha mwisho kikarudi, na cha pete, na Yahya akaanza kupiga kelele, na Rosemary akasema kelele hizo ni nzuri, apige tu. Lakini cha shahada na cha kati, vile vile vya alfajiri ya kwanza, havikurudi. Tulibadilisha maji, tukabadilisha tena. Vilibaki ndani ya beseni kama vitu vya mtu mwingine.

Hospitali walijitahidi, siwalaumu. Vidole vilikuwa vyeusi kuanzia ncha, weusi ukashuka, ukakauka. Daktari alituambia havingoji tena dawa, vinangoja kisu. Yahya aliitikia. Siku hizo alikuwa anaitikia kila kitu.

Kazi ya getini alipewa. Erasmo alikuja mwenyewe kutuambia, akakaa kwenye mkeka wetu na kofia mapajani. Nilimuuliza kama wapimaji watarudi kumpima tena, kwa sababu karatasi yake bado haina jibu. Akasema hakuna haja. Mtu asiye na vidole hapimwi vidole, kila mwenye macho anaona kwamba drili haiwezi. Alisema hivyo kwa upole, wala hakukusudia ubaya. Mimi nilikwenda uani nikashika ukuta, pale pale palipowekwa mfuko wa chumvi, nikalia kwa hasira mpaka nikatapika. Vidole vile vilikuwa vikisema kweli tangu kipupwe cha kwanza. Ilibidi vife kabisa ndipo viaminiwe.

Bi Saida alikuwa ameviomba hospitalini vilipokatwa. Kwetu kiungo cha Mwislamu hakitupwi, kinafukiwa. Walimpa vikiwa vimefungwa, akavibeba kwenye upande wa kanga yake mpaka nyumbani. Watu wakaja wachache. Maalimu alikuja, Idd alikuja akasimama mbali, Erasmo alikuja. Desturi ni mtani kutania kwenye maziko, kuwaondolea wafiwa simanzi. Nilimtazama Erasmo, nikimngoja aseme hata neno moja la kipuuzi, nimrudishie, tucheke. Alitazama chini. Mtani anayenyamaza msibani ni jambo la kutisha kuliko msiba.

Kabla ya kutoka kwenda kuvifukia, mama aliniita uani. Tangu siku nilipompandishia sauti alikuwa hajaniomba kitu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake cha kuoshea, kitambaa cheupe magotini.

"Mastura," alisema, "nipashie maji."

Maalimu alimsikia. Akamwambia kwa adabu, "Bi Saida, kiungo cha mtu aliye hai hakioshwi, wala hakiswaliwi. Kinafungwa kitambaa, kinafukiwa, basi."

"Najua, maalimu. Kazi hii nimeifanya tangu wewe hujazaliwa." Hakuinua uso. "Leo siko kazini. Namwogesha mwanangu."

Niliwasha jiko, nikabandika sufuria. Yahya alikuwa amekaa mlangoni, mkono umefungwa bendeji, anatutazama. Nilipoyaleta maji, mama aliyajaribu kwa kiwiko kama anavyojaribiwa mtoto mchanga maji yake. Akatikisa kichwa.

"Yaongeze moto kidogo," alisema. "Baridi vimeipata ya kutosha."